Shamba Nililolikagua kwa Vidole Viwili

Nakumbuka siku moja ya Disemba, mwanangu, siku niliyonunua ekari nne za shamba bila kuinuka kitini. Kikombe cha chai kilikuwa mkono wa kulia, redio mkono wa kushoto, na shamba lenyewe lilikuwa mapajani mwangu, ndani ya simu. Nilivaa miwani. Nikaweka vidole viwili juu ya kioo, nikavitanua, shamba likanijia. Nikavibana, likarudi nyuma. Nikalizunguka hivyo, juu na chini, mpaka chai ikaota utando. Kisha nikavua miwani na kutangaza, kwa sauti ya mtu aliyetoka safari ndefu, kwamba nimeliona na ni zuri.

Huo ndio ujinga ninaotaka kukusimulia. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele sijui kama utapata nafasi.

Wako watu waliozaliwa na miguu ya kwenda. Mimi nilizaliwa na miguu ya kukunja. Kule Mitaboni nilikozaliwa, majirani waliniita Figa, kwa sababu figa likishawekwa jikoni haliondoki, hata moto uwake namna gani. Harusini nilituma salamu. Matangani nilituma mchango. Mikutano ya chifu niliisikia kwa waliopita njiani wakirudi. Wala sikuona aibu; niliona ni hekima. Si wahenga walisema mwenda pole hajikwai? Mimi nikaongeza la kwangu, kwamba asiyekwenda kabisa hajikwai hata kidogo. Kumbe mtu anaweza kujikwaa akiwa amekaa, tena akaanguka na nyumba nzima.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, hatua chache kutoka sokoni. Marehemu baba ndiye aliyechimba matuta yake kwa jembe na sepetu, tuta baada ya tuta, mimi nikimrundikia mawe huku nikinung'unika. Ardhi haikuwa kubwa, lakini ilitulisha, na ilikuwa na miparachichi iliyomsomesha mwanangu wa kuzaa, Mutua, mpaka akapata kazi kule Syokimau. Upande wa chini, karibu na ua, walilala baba na mama. Mke wangu Mwikali alikuwa akifagia pale kila Jumamosi, na mimi nikimwangalia kutoka barazani.

Sasa utaniuliza, mtu asiyependa kutoka kwake alihamaje? Swali zuri. Nilikuwa nimeanza kuchoka kupanda matuta. Magoti yalianza kulia kama mlango wa zamani. Nikasikia kwamba huko chini Ekalakala, upande wa Masinga, kuna ardhi tambarare, mtu anapanda kwa plau ya ng'ombe bila kupumua kwa shida. Wakati huo huo kulikuwa na tajiri mmoja aliyetaka sana kipande chetu kwa sababu kiko karibu na barabara. Nikapiga hesabu ya kivivu: niuze kidogo chenye mlima, ninunue kikubwa kisicho na mlima. Yaani mtu mvivu wa kutembea akaamua kuhama mbali ili asitembee. Akili ya namna hiyo, mwanangu, haifundishwi shuleni. Mtu huzaliwa nayo. Na tamaa mbele, mauti nyuma.

Kijana aliyekuwa na shamba hilo aliitwa Musembi. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Aliniita mzee wangu, akaniuliza habari ya magoti kabla ya habari ya bei. Akaniambia barabara ya huko ni mbaya, nisijisumbue, yeye atanitumia kila kitu. Na kweli alituma. Mahindi yaliyopita kimo cha mtu, yamefunga safu kama askari wa gwaride. Mikunde chini yake. Anga ya buluu. Video moja ilikuwa na upepo unaovuma ndani ya mahindi, na ule upepo, nakuapia, niliusikia shingoni. Mutua naye alizitazama huko kazini kwake, akanijibu kwa neno moja la vijana ambalo nadhani lilikuwa sifa.

Disemba kwetu Ukambani ni mwezi mwongo. Mvua ya Novemba ikishanyesha, hata jiwe huota nywele. Mimi niliyezaliwa huku, niliyekula njaa ya huku, nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini mtu akishakuwa na kiu ya kudanganywa, hata ajuayo huyasahau.

Makaratasi nayo yalikwenda vizuri. Hapo ndipo wengi hunielewa vibaya, wakidhani niliuziwa hewa. Sikuuziwa hewa. Wakili mmoja mjini Machakos aliitafuta hati, akaikuta safi, jina la Musembi limekaa pale bila deni wala kesi, kwa maana baba yake alimwachia. Siku ya kukaa na bodi ya ardhi nilimtuma Mutua na barua kwamba magoti yananisumbua. Akaenda mpaka ofisini, akasaini, akarudi kazini kwake. Shambani hakufika, sikuwa nimemwagiza. Karatasi za Mitaboni, za kuuza kwetu, Mwikali alizisaini mezani pale nyumbani. Alishika kalamu muda mrefu. Nilimwambia wino utakauka.

Na aibu kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa bado najiona msomi kwa sababu nilijua kuandika barua ya Kiingereza, baba alitaka kununua kipande cha ng'ambo ya bonde. Mwenye nacho alikuwa na karatasi zote, tena zimepigwa mihuri. Nilizisoma, nikamwambia baba ni sawa, anunue. Baba akanijibu kwamba twende kwanza. Ilikuwa Septemba, jua limeuma nchi mpaka mifupa. Tukatembea mpaka wote, baba mbele na mimi nyuma nikiburuta viatu. Hakupima chochote. Kila boma tulilopita alisimama, akasalimia, akauliza habari ya mbuzi, habari ya mtoto aliyekohoa, habari ya kisima. Nilidhani amesahau kilichotupeleka. Kwenye boma la nne kulikuwa na bibi anapepeta mtama. Baba akamtajia lile shamba. Yule bibi hakusema neno. Aliendelea kupepeta, ila aliangalia upande mwingine. Baba akashukuru, akaniambia turudi nyumbani.

Njiani nilimlaumu. Nikamwambia kwamba dunia imebadilika, mambo siku hizi ni ya karatasi, si ya bibi na ungo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakung'uta mchanga, akasema:

"Karatasi inajua jina la mwenye shamba. Haijui nani analala humo. Na shamba usilitazame likiwa limevaa, Kioko. Nenda wakati liko uchi, ndipo utaona makovu yake."

Nilicheka moyoni. Mtu wa kidato cha nne afundishwe na mtu aliyesaini kwa dole gumba! Miezi michache baadaye tulisikia ndugu wawili wamekatana mapanga juu ya kipande kile kile, na bado sikumkumbuka baba vizuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini langu lilichukua miaka arubaini kuvunjika.

Basi tulihama Septemba. Tajiri alitaka kuanza kujenga, kwa hiyo tuliezua mabati ya nyumba yetu, tukang'oa milango, tukapakia kitanda, meza, kuku, na kile kiti changu. Mwikali alikwenda kwenye makaburi ya wazee, akafagia, akaacha ufagio pale pale. Tukapanda lori. Tulipita Matuu, tukaacha lami, tukapita soko la Ekalakala, na kila tulipouliza tulielekezwa mbele kidogo. Nilikuwa na simu mkononi, nikilinganisha picha na dunia. Dunia ilikuwa nyekundu. Picha ilikuwa kijani.

Dereva akasimama akasema tumefika. Nikamwambia hapana. Akanionyesha mkonge wa mpakani, ule ule wa kwenye picha, wenye jani moja lililovunjika. Nikaona ni kweli. Mahindi ndiyo yaliyokuwa yameondoka. Na mahindi yalipoondoka, mwanangu, yaliacha wazi yale yaliyokuwa yakiyafunika kama pazia: nyumba ndogo ya udongo katikati ya shamba, paa la nyasi limeinama upande mmoja, nyuma yake makaburi matano, matatu ya saruji na mawili ya mawe matupu, na mlangoni, akijikinga jua kwa kiganja, mama mkongwe ananitazama.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Mimi hata mlango sikuwa nimeuona.

Alikuja mpaka kwenye lori, akitembea kwa fimbo. Alikuwa amezeeka kiasi kwamba alituita sisi sote vijana; mimi nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Alipita karibu nami, akaweka mkono juu ya mabati, akayapapasa. Kisha akaangua kigelegele, kile chembamba cha mtu asiye na meno. Akatuambia kwamba mwanawe Musembi alimwahidi mabati tangu mwaka wa juzi, na watu walikuwa wakimcheka, wakimwambia Musembi alishasahau njia ya kwao. Sasa waje waone. Akatushika mikono mmoja mmoja akitubariki kwa Kikamba, mimi, Mwikali, hata dereva. Akasema tusishushe chochote kabla ya kunywa uji.

Nilikunywa uji ule. Nilikaa kwenye kigoda cha mama ambaye nyumba yake nilikuwa nimeinunua, hati iko mfukoni, nikanywa uji wake mpaka chini, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuutia mdomo wangu.

Mwikali ndiye aliyemwambia. Walikaa ndani wawili, wakichambua mbaazi, na mimi nilibaki nje nikisikia sauti zao zikienda chini chini, halafu zikanyamaza, halafu nikasikia mbaazi tena, moja moja, zikianguka kwenye sufuria. Musembi nilimpigia simu mpaka betri ikaisha. Alikuwa amezima yake, na sijamsikia mpaka leo.

Susu, ndivyo tulivyokuja kumwita, yaani bibi, alitoka baadaye akaja akasimama mbele yangu. Sikuona hasira usoni mwake. Ningependa sana ningeiona.

"Kijana, wewe ulilipa, sikatai," akaniambia. "Lakini mimi nitahama na hawa namna gani?" Akaonyesha kwa fimbo, kaburi moja baada ya lingine: mumewe, watoto watatu, na mama mkwe wake.

Niliifuata fimbo yake kwa macho. Nilikuwa nikiwaza wangu wawili, niliowaacha Mitaboni na ufagio. Musembi na mimi hatukuwa mbali sana, mwanangu. Kila mmoja wetu aliuza mahali alipolala mzazi wake. Yeye alitofautiana nami kidogo tu: wa kwake alikuwa bado anapumua.

Dereva hakukubali kurudi na mzigo, kwa hiyo tulishusha vitu vyetu pale pale, tukavifunika kwa turubali. Susu alitugawia nusu ya chumba chake. Yeye na Mwikali walipatana upesi; waliteka maji pamoja, walitwanga mahindi ya muthokoi pamoja, wakacheka mambo ambayo nikikaribia yaliisha. Mimi nilikuwa nikienda kwenye ofisi moja mpaka nyingine. Miguu iliyokataa kwenda kuona shamba sasa ilipata safari kila siku. Na kila nilikofika niliambiwa jambo moja: karatasi ni yako, sheria ni yako, ukitaka atolewe atatolewa. Mwisho nikapewa barua. Ilikuwa na muhuri mzuri wa mviringo.

Usidhani nilikuwa na huruma nyingi. Nataka ulijue hilo. Nilirudi na barua ile nikiwa nimeamua. Njiani nilijifundisha maneno: kwamba si mimi, ni sheria, kwamba Musembi ndiye wa kulaumiwa, kwamba na mimi nina mke na uzee, na kwetu nimeshapauza. Yote yalikuwa kweli. Nikafika kama saa sita mchana. Nikamkuta Susu ameketi kizingitini, blanketi limefungwa mzigo, sufuria mbili zimefungwa kwa kamba, jembe liko juu. Alikuwa amesikia habari kabla yangu, kama habari zinavyotembea vijijini. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Niko tayari. Lori iko wapi?"

Kando yake alikuwa ameketi Mwikali. Na mzigo wake pia ulikuwa umefungwa.

Barua ile sikuifungua. Nadhani iko ndani ya Biblia, sijui kitabu gani, na siitafuti.

Tulikuja kupanga hapa Machakos mjini, chumba kimoja nyuma ya maduka, choo cha kugawana. Mabati tulimwachia Susu. Mwikali alisema kigelegele kile kilishalia, hakirudi mdomoni. Milango yetu niliiuza, kitanda kikaingia kwa shida, na kiti kikakosa nafasi ya kunyoosha miguu. Hati bado ninayo. Jina langu limeandikwa vizuri, Kioko, hakuna herufi iliyopotea. Mimi ni mwenye ekari nne ambaye hana mahali pa kuanika shati.

Utasema ningeliuza. Nani angelinunua? Mtu akienda kuliona atamkuta Susu, atakunywa uji, ataaga. Wa kulinunua ni mtu kama mimi tu, wa vidole viwili, na watu hao wako wengi. Dalali mmoja wa hapa mjini aliniambia waziwazi nisubiri Novemba, mvua inyeshe, mahindi ya Susu yapande, yeye atapiga picha nzuri na halitamaliza wiki. Siku tatu nilifikiria. Siku tatu nzima, mwanangu. Sitaki unione mtakatifu. Siku ya nne nikamwambia hapana, akaniita mzee mjinga. Hakukosea sana.

Mwikali hakuzoea mjini. Alikuwa mtu wa kufagia mahali pakubwa. Hapa alifagia chumba mara tano kwa siku, kisha akafagia korido ya wapangaji wenzetu mpaka wakamuuliza nani amemlipa. Kifua kilimshika msimu wa baridi. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Mwaka jana, mvua ya masika ikiwa imeanza, alikwenda na hakurudi.

Na hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekinunua.

Kwa Wakamba, mke wa mtu huzikwa kwa mumewe. Hilo si jambo la kujadiliwa, ni kama jua kutoka mashariki. Nikaenda Mitaboni kwa yule tajiri, nikamwomba futi sita kando ya wazazi wangu. Alinikaribisha vizuri, akaniita mzee. Akaniambia wazazi wangu atawatunza kama alivyoahidi, ila hakununua shamba lenye makaburi mapya. Nikaona ua umepanguswa safi, miparachichi imekatwa. Sikuwa na haki ya kukasirika, nikashukuru nikaondoka.

Nikachukua hati, nikaenda Ekalakala. Nilijiambia, angalau leo karatasi hii itafanya kazi. Susu alilia kwa sauti aliposikia. Akasema nimlete, nafasi ipo, atalala karibu na mama mkwe wa Susu. Lakini wapwa wa marehemu mumewe walikuja, wanaume wanne, wakasimama mpakani penye mkonge. Hawakunitukana. Walisema wananihurumia, ila kaburi ni kigingi. Leo nitazika mke, kesho nitarudi na barua nyingine. Nikawaonyesha hati. Mmoja wao akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mwikali alizikwa kwa kaka yake, upande wa Kathiani, kando ya migomba, kama mwanamke aliyefukuzwa na mumewe. Mashemeji zangu hawakuniuliza lolote. Walinipa kiti mbele. Nilikaa.

Basi sikia, mwanangu, kwa maana majuto ni mjukuu na wangu ameshaota ndevu. Ukitaka shamba, nenda. Usiseme fulani ameona. Jicho la kukopa halioni mwiba. Nenda mwezi wa tisa, wakati nchi haina cha kujifunika, na kama ulikwenda ikiwa kijani, rudi tena ikiwa nyekundu. Usisimame ulipoonyeshwa na mwenye kuuza. Mwamba ngozi huvutia kwake, atakusimamisha penye kivuli. Zunguka mpaka wote kwa mguu. Hesabu makaburi. Angalia kama kuna moshi, kama kuna njia nyembamba iliyokanyagwa na mtu mmoja kila siku, kama kuna jembe limeegemezwa mahali. Ingia kwa majirani, omba maji hata kama huna kiu, uliza habari ya mbuzi zao, na usikimbilie kuuliza la shamba. Ukilitaja, usisikilize maneno tu, mtazame anayenyamaza. Kuuliza si ujinga, na kukaa kimya kwa bibi anayepepeta kunaweza kukuokoa kuliko mihuri kumi. Karatasi itafute, ndiyo, usije ukasema nimekukataza. Lakini karatasi iwe ya mwisho, baada ya vumbi kukupanda mpaka magotini.

Na kama unauza, jiulize unamuuza nani pamoja na udongo.

Wazee wetu walipobariki walimtemea mtu mate kifuani. Mimi siwezi kukufikia ulipo, na siku hizi mngeniambia nakuletea homa. Basi pokea ya maneno. Mungu akupe miguu isiyo na uvivu. Akupe mlango wako mwenyewe, na mtu wa kukufungulia. Akupe kivuli usichomnyang'anya mtu. Na siku yako ikifika, nayo ichelewe sana, watu wako wasizunguke na mwili wako wakibisha hodi. Amina.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea jirani yangu, Mama Wambui, mama wa kutoka Murang'a anayeuza mboga hapo barazani, ambaye tumegawana ukuta na ambaye Mwikali alikuwa akikaa naye jioni zote wakikata sukuma wiki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, hata wateja wawili akawaambia wangoje. Nilidhani atalia, au atanisifu mwandiko. Akafuta kisu kwa leso yake, akasema:

"Mzee, umeandika vizuri, lakini kuna mahali umeruka. Mama Mutua aliniambia mwenyewe, alikuwa ameshavaa viatu aende kuona hiyo shamba, na wewe ndiye ulimwambia avue, picha zinatosha."